Kabla ya kumwambia "jiamini", mfundisheni saa

Juzi jioni nimemkuta binti wa shangazi yangu kakaa kibarazani, blauzi ya intavyuu bado iko mwilini, halii wala haongei. Kampuni ya London, kazi ya kufanyia nyumbani, kaipambania tangu mwezi wa kwanza. Emeili ilisema 10:00 saa za London, yeye akajumlisha masaa matatu kama alivyofanya raundi ya kwanza mwezi wa pili, akaingia kwenye linki saa saba kamili mchana. Hamna mtu. Walimsubiri saa sita wakaondoka.

Imeniuma sana, maana semina zote za ajira alizohudhuria wanamwambia jiamini, tabasamu, vaa vizuri, na hakuna hata mmoja aliyemwambia kwamba Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tatu Uingereza wanasogeza saa mbele, sisi hatusogezi mwaka mzima, kwahiyo tofauti inashuka kutoka masaa 3 hadi 2 mpaka mwisho wa mwezi wa kumi. Marekani ndo wanawatangulia Waingereza kwa wiki mbili au tatu! Na hapo bado hujageuza kwenda saa yetu ya Kiswahili, yaani kichwa kinahesabu mara mbili na roho iko juu.

Najua mtasema alitakiwa ahakikishe mwenyewe. Haya, alitakiwa. Lakini kitu asichojua kama kipo atakihakikishaje?

Jamani, weka saa ya mji wao kwenye simu, usipige hesabu kichwani. Halafu siku moja kabla waandikie kwamba kwa huku kwetu itakuwa 12:00 mchana, je ni sahihi? Sentensi moja tu.

Mengine mnayajua, chaji laptopu mapema, bando la akiba kwenye simu. Ila ukiulizwa ulifanya nini sema "nilifanya", sisi tumelelewa kusema "tulifanya" hata kama kazi umeibeba peke yako, na yule wa upande wa pili anabaki hajui wewe ulifanya lipi.

Usiku uleule tumewaandikia, hajajieleza sana, kaomba nafasi nyingine na kutaja saa zao na zetu. Kreti la soda alilowekea laptopu bado liko mbele ya dirisha, nimemwambia asilitoe.