Bonyeza hapa ufungue ahera

Mimi nilikuwa na miezi minne tu kwenye Kiesperanto, ile lugha ya kubuniwa, nikajiona profesa. Si lugha yenyewe haina kona, Zamenhof aliyeibuni alivyoitoa 1887 hakuacha hata kitenzi kimoja kikorofi, nomino zote zinaishia na o, na ukishashika viambishi unajifinyangia maneno mwenyewe. Kupika ni kuiri, bandika -ejo unapata kuirejo, jikoni. Kujifunza ni lerni, kwa hiyo lernejo ni shule. Yaani -ejo ni mahali, basi.

Sasa kuna jamaa ana kiprogramu chake anatafuta mtu wa kumtafsiria menyu, bure. Nikarukia. Nikakwama kwenye terminali, kile kidirisha cheusi cha kuandikia komandi. Kamusi ninayo ila nani afungue kamusi kichwa kikiwa kimewaka? Nikajisemea terminali ni mambo ya mwisho, mwisho ni fino, mahali ni -ejo, haya, finejo! Niliipenda mpaka ilipofika zamu ya endipointi, ile anwani ya kwenye seva ambako programu inapiga hodi kuomba data, nayo nikaipa finejo hiyohiyo, mwisho si mwisho tu bwana.

Wiki ya pili inaingia meseji ya mzee mmoja, anaongea hii lugha tangu mimi sijazaliwa. Adabu tupu: "Kijana wangu, kuna kitufe kimeandikwa Malfermu la finejon. Nikikifungua hicho, kuna kurudi?"

Sijaelewa. Akanitumia picha ya skrini. Juu kitufe changu kinamwambia fungua mahali pa kuishia, chini yake kwa maandishi mekundu, La finejo ne respondas, yaani kule tunakoishia wote hakuna anayeitikia. Akaongeza kwamba mkewe alikuwa amesimama nyuma yake, kasoma, kamwambia azime kompyuta wakalale.

Na neno lenyewe je? Terminalo. Terminalo jamani! Weka o mwishoni ujiondokee. Endipointi nayo ni finpunkto, mwisho na nukta vimeshikana, hata mtoto angeotea.

Nikarekebisha usiku uleule huku uso unanichoma, ila si kila mtu anasasisha programu. Juzi kuna mmoja kaniandikia kwa hasira, eti finejo yake imegoma kabisa kufunguka. Nikamjibu ashukuru Mungu.