Ndiyo, Ile Shikamoo Ilikuwa Yangu

Najua mmeshasikia, maana tangu jana watu wananitumia "shikamoo" tupu, hata wale walionizidi umri. Yule mwenzangu niliyepanda naye mlima hakungoja hata viatu vikauke, ameshawasimulia yaliyonipata kule juu. Basi na mimi nipeni nafasi, kwa sababu kuna mahali ameongeza chumvi. Sikulia. Macho yalikuwa yanatoka maji kwa ajili ya upepo.

Mnayoyajua sitayarudia: siku ya tatu mlimani, hakuna mtu, hakuna mtandao. Mchana jua lilichoma mpaka nikajipaka mafuta puani. Saa nane kikajitokeza kiwingu kama pamba, mwenzangu akasema tushuke, mimi nikasema hicho kinapita tu. (Nyamazeni.) Saa tisa ilikuwa mvua ya mawe. Na suruali niliyokuwa nayo ni moja, ya jinzi. Niliambiwa kabla ya safari kwamba pamba ikilowa haikupi joto bali inakunyang'anya hata ulilo nalo, nikajibu mimi si mtoto.

Hema tulilisimamisha kwenye kibonde nilichokichagua mimi, kwa kuwa kilikuwa sawasawa kama kitanda. Kumbe mlimani mahali pakiwa sawasawa hivyo, maji yameshapaona kabla yako. Baridi nayo hushuka ikalala hapohapo. Saa sita usiku nilikuwa nimekaa juu ya shanta, magoti kidevuni, kama kuku anayeatamia, na mwenzangu upande wa juu, mkavu, anakoroma.

Alfajiri kukatulia. Nikatoka. Suruali niliyoiacha nje ilikuwa imeganda, inaweza kusimama bila mtu. Nikaibeba hivyohivyo kama ubao, nikapanda kwenye mgongo wa mlima ili niianike jua la kwanza likitoka. Mwilini nina boksa, soksi za sufu na koti la mvua. Picha hiyo ishikeni, mtaihitaji.

Sasa. Jua ndiyo linachomoza, liko nyuma yangu. Mbele mlima umekatika, na kule chini kumejaa ukungu mweupe, mzito, umepanda mpaka karibu na miguu yangu. Nikainua uso.

Kulikuwa na mtu amesimama ndani ya ukungu.

Miguu yake ilianzia palepale nilipokanyaga, ikaenda, ikaenda, mirefu kama njia mbili zinazokutana, na huko mwisho kabisa kikawepo kichwa kidogo. Kichwa chenyewe kimezungukwa na duara lenye rangi zote za upinde wa mvua. Mkononi ameshika kitu kama panga pana. (Ilikuwa suruali.) Hakusema kitu. Na mimi sikusema. Nikasogea kulia kidogo, taratibu, kama mtu anayempisha mgeni mlangoni. Naye akasogea. Nikasimama. Akasimama. Kisha upepo ukausukuma ukungu, na yeye akavimba, akanijia.

Wadau, kila mtu anadhani anajua atakachofanya siku ya hatari. Wapo wa kupigana, wapo wa kukimbia. Mimi nimegundua kwamba nina adabu. Nikabana miguu, nikainamisha kichwa, na sauti ikanitoka nyembamba kama ya mtoto wa darasa la kwanza:

"Shikamoo, mzee."

Kimya. Lakini naye aliinama! Nikaona afadhali, tunaelewana. Nikaendelea. Nikamwambia sisi ni wapita njia tu. Nikamwambia ile karatasi ya peremende niliyoificha chini ya jiwe jana nitairudia. (Ndiyo, niliificha. Nimeshaiokota. Tuendelee.) Halafu, na hapa ndipo mwenzangu hatanisamehe, nikasema: "Tena aliyetaka kupanda huku si mimi, mzee. Ni yule aliyelala kwenye hema la bluu."

Nyuma ya shingo yangu sauti nzito, yenye usingizi, ikajibu:

"Marahaba."

Suruali sikumbuki kuirusha. Nakumbuka tu ikiwa hewani, inazunguka, miguu imenyooka, na lile jitu nalo likirusha ya kwake. Zote mbili zikamezwa na ukungu.

Mwenzangu alicheka mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi akanieleza kwamba ni kivuli changu: jua likiwa chini nyuma yako na ukungu mbele yako, unajiona hivyo. Wameliita jitu la Brocken, kwa jina la mlima mmoja wa Ujerumani wenye mita 1,141 tu, ambako Johann Silberschlag, mchungaji na mwanasayansi wa Kijerumani, alilieleza mwaka 1780. Yote haya aliyajua tangu nyumbani na hakuniambia! Tena tukagombana pale pale, maana mimi naona duara la rangi liko kwenye kichwa changu, yeye anaapa liko kwenye chake. Kumbe kila mtu huliona kwenye kichwa chake mwenyewe. Hata hivyo mimi naamini lilikuwa langu.

Kushuka hakuna cha kusimulia. Nilijifunga mfuko wa kulalia kiunoni na kamba ya hema. Tukapishana na kundi la watu tisa, wote wakavutiwa ghafla na mawe ya upande wa pili. Aliyetangulia alikuwa mzee wa mvi, na mimi, ningefanyaje, nikamwamkia.

Mwenzangu akakaa chini tena.