Matuta hayo yana wenyewe

Mwandishi mmoja ameyaita matuta marefu ya udongo yaliyo kwenye malisho ya Northamptonshire, Uingereza, "mawimbi ya ardhi", kana kwamba yalijiotea tu. Hapana, ni jasho la watu! Wakulima wa Zama za Kati walilima kwa plau ya kukokotwa na maksai, iliyolaza udongo upande mmoja, kuelekea katikati ya kishamba, mwaka hadi mwaka mpaka tuta likainuka. Mengi yamepinda kama herufi S iliyogeuzwa, maana msururu wa maksai ulitaka nafasi ya kugeukia. Nimeyaona asubuhi moja, theluji imeyeyuka migongoni ikabaki mitaroni, mistari myeupe kilima kizima. Nilisimama pale hadi vidole vikafa ganzi. Yamesalia kwa sababu mashamba yaligeuzwa malisho ya kondoo. Trekta likiingia, yanasawazishwa. Jamani, yaachwe yabaki malisho ya majani.