Hema ndani ya shamba la miti: moto uwashwe au usiwashwe?

Shamba la Miti Sao Hill, wilayani Mufindi, ndilo kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini Tanzania. Linalea misindano na mikaratusi kwa ajili ya mbao, nguzo na karatasi. Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, wanaolisimamia, siku hizi wanahimiza pia utalii ikolojia, yaani utalii wa kufurahia mazingira bila kuyaharibu, katika misitu yao. Je, mgeni na hema lake wana nafasi mahali ambapo watu wako kazini?

Wanaosema ndiyo wana hoja nzito. Msitu ni mali ya umma, na mwananchi hapaswi kuuona kupitia dirisha la basi tu. Mtoto wa mjini akilala humo usiku mmoja atajua kitanda chake kilianzia wapi. Vijiji jirani navyo vitauza chakula na kuongoza wageni.

Lakini shamba la miti si hifadhi ya taifa. Humo miti inapogolewa, inapunguzwa, inagemwa utomvu, inaangushwa kwa chensoo. Magari ya magogo hukata kona kwenye barabara nyembamba za vumbi. Tawi lililovunjika nusu laweza kuning'inia juu bila mgeni kuliona, na penye mizinga ya nyuki hapafai hema hata kidogo.

Hayo yote yana dawa. Moto ndio mgumu. Mufindi huwa na baridi kali Juni na Julai, miezi ileile ambayo mvua zimeshakatika na nyasi zimekauka. Mgeni anatetemeka, anatamani kuota moto, na chini ya miguu yake kuna tandiko nene la majani makavu ya misindano. Kaa lililofukiwa kwa udongo laweza kufuka chinichini mpaka upepo uliamshe, wakati aliyeliacha yuko zamani Dar es Salaam. Msindano wa mbao huchukua takribani miaka 25 kukomaa.

Wapo wanaosema kambi bila moto si kambi, na kwamba shimo lililozungushiwa mawe, chini ya uangalizi wa askari wa misitu, linatosha. Masika nakubaliana nao. Kiangazi sikubali: mgeni apikie jiko la gesi kwenye ardhi tupu, na baridi aikabili kwa blanketi. Sababu yangu si usalama peke yake. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inambana mwanakijiji anayechoma shamba lake ovyo, na moto ukizuka msituni ni yeye anayeitwa kuuzima kwa matawi mabichi. Hatakuwa na sababu ya kuiheshimu sheria hiyo akiona inamsamehe mwenye hema.

Langoni, kibali kitolewe pamoja na ramani ya vitalu, yaani vipande vilivyogawanywa vya shamba, namba ya simu ya kutoa taarifa ya moshi, na onyo kwamba choo na uoshaji vyombo vikae mita 60 kutoka kwenye mto. Na kama kitalu alichopangiwa mgeni kimefikia zamu ya kuvunwa, ahamishiwe kingine au arudishiwe pesa yake. Wakataji wasisimamishwe kwa ajili ya hema.