Nyuzi Nne Tu, Bei Yote Hiyo ya Nini?

Kila anayeingia duka la vyombo vya muziki na kulishika gitaa la besi lazima aulize lile lile: "Hili lina nyuzi nne, lile lina sita, iweje hili ndilo ghali?" Sawa na kushangaa kwa nini lori linauzwa ghali kuliko baiskeli wakati yote yana usukani mmoja. Muuzaji naye hajibu. Anapangusa vumbi, anasema bei ina maongezi, halafu hayo maongezi yanakuwa ya mpira.

Haya, tuzisemee nyuzi zenyewe. Seti ya kawaida ya besi inaanza na uzi wa inchi 0.045 na kuishia na wa 0.105, yaani ule mnene unakaribia milimita 2.7. Ndani mna waya wa chuma, juu yake umezungushiwa waya mwingine tabaka kwa tabaka. Chuma ni kingi, kazi ni nyingi, na bei ndiyo hiyo. Mpiga solo akikata uzi ananunua mmoja kama anayenunua pipi. Mpiga besi akikata, familia inakaa kikao.

Ndiyo maana nyumba ya mkung'uta besi huwa na sufuria moja ambayo haichemshiwi chai. Uzi wa besi ni nadra kufa kwa kukatika. Unakufa kwa uchafu: jasho, ngozi na vumbi vinajaa kwenye mifereo ya ule waya wa juu, sauti inakuwa kama mtu anagonga boksi. Dawa ni kuuchemsha. Ulegeze taratibu, uutoe mzima bila kuukata, uukunje mduara mpana, uuzamishe kwenye maji yanayochemka kwa dakika 10 hivi. Ukitoka, ufute kwa kitambaa kisha uanike juani mpaka ukauke kabisa, kwa sababu maji yakibaki ndani ya mifereo ni kutu, hasa Tanga na Mombasa ambako hewa yenyewe ina chumvi. Mng'aro utarudi kwa siku kadhaa. Ukichemsha mara ya pili, zinapungua. Mara ya tatu unachemsha kwa mazoea tu. Na wakati wa kuurudisha, angalia pale ulipojikunja kwenye kikazio, kile kigingi cha kukazia uzi: chuma kilichokunjwa na kukunjuliwa kimeshachoka, kitakatikia hapo hapo, tena katikati ya pambio. Kuna nyuzi bapa zisizo na mifereo, hizo hukaa miaka, lakini sauti yake ni ya kizee. Mama watoto akiuliza supu gani hiyo, mwambie ya nondo.

Ukishashindwa bei ya dukani unaelekezwa kwa mtu "anayeuza kwa shida". Halijawahi kuuzwa gitaa la besi lililotumika bila shida: mara ada, mara kodi, mara anahama. Na yote "hayajawahi kufunguliwa," ingawa skrubu za nyuma zimeliwa vichwa kama zilikazwa kwa kijiko.

Mwache aongee. Wewe funga jicho moja, itazame shingo kwa urefu wake kama fundi anayechagua mbao za kenchi. Kisha bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyoikata shingo) kwa mkono mmoja, na freti ya mwisho kwa mwingine. Uzi sasa umekuwa rula. Tazama freti ya 7: kati yake na uzi panatakiwa papite kitu chembamba kama kadi ya biashara, milimita 0.3 hivi. Pengo likiwa kubwa, nyuzi zimeivuta shingo mbele. Uzi ukiwa umelala juu ya freti zote, shingo imerudi nyuma. Ndani mna chuma, ndiyo nondo yake, kinachokazwa kwa alenki, ule ufunguo wa pembe sita: kulia kunyoosha iliyovutwa mbele, kushoto kuilegeza. Robo mzunguko tu, halafu tyuni upya, halafu pima tena. Nati ikigoma, acha. Wanaume wa nguvu wapo wengi, na wengi wao wana gitaa linaloning'iniza kofia.

Shingo hiyo hiyo, kwa taarifa, ni mti unaoendelea kuishi maisha yake. Ulipange gitaa vizuri Dar kwenye unyevu, lipeleke Dodoma kwenye ukavu kwa mkesha wa wiki mbili: mbao zinasinyaa, freti hazisinyai, ncha zake zinatokeza pembeni na kukuchana kiganja kama msumeno. Utaambiwa umerogwa na kwaya pinzani.

Baada ya shingo, piga kila freti ya kila uzi. Freti 20 kwa nyuzi 4 ni noti 80. Muuzaji atachoka kwenye ya 12, ataanza kutazama saa na kusema ana mteja mwingine njiani. Endelea. Freti iliyonyanyuka haikai karibu, hujificha huko ya 14, ambako hufiki mpaka siku unataka kuonekana na wewe umesoma. Na hapo freti ya 12 pana mtihani wake: gusa uzi bila kuukandamiza juu ya freti hiyo, piga, usikie mlio wa kengele, kisha ukandamize, piga tena. Noti mbili hizo ziwe moja. Ya kukandamiza ikiwa juu, kile kitako cha uzi pale kwenye daraja, chuma kinachoshika nyuzi chini, kirudishwe nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogezwe mbele. Kasoro hiyo bisibisi inaimaliza, usiitumie kuvunja biashara, itumie kupunguza bei.

Zungusha vitufe. Vikikwaruza ni vumbi, vinataka spirei ya kusafishia umeme. Si mafuta ya kupikia, tafadhali. Mafuta yanakusanya vumbi lingine na harufu ya maandazi. Tikisa jeki, lile tundu la kuchomekea waya. Ikicheza, nati yake imelegea, na kila unapochomeka waya jeki nzima inazunguka na kunyonga nyaya za ndani mpaka zikatike kwenye lehemu. Spana ya 13 mara nyingi inatosha, ila ishike na kwa ndani isizunguke.

Halafu kuna yale ya betri. Gitaa la besi lenye betri ya volti 9 kwa kawaida halina swichi ya kuzima. Swichi ni jeki yenyewe: ukichomeka waya umewasha, ukichomoa umezima. Sasa kuna watu wanaomaliza ibada Jumapili, wanaliegemeza ukutani na waya wake mpaka Ijumaa, halafu linaanza kukoroma katikati ya sifa na mzee wa kanisa anatazama juu kama kuna ujumbe. Betri mpya husoma volti 9 na ushee. Ikisogelea 8, ibadilishe kabla haijakubadilisha wewe.

Na kunguruma je? Umeme wetu una mawimbi 50 kwa sekunde, hezi 50. Uzi mnene ukiubana freti ya 3 unatoa noti ya G, hezi 49. Maana yake ni kwamba umeme unapiga besi pamoja na wewe, karibu noti ile ile, ila umechomoka juu kidogo kama mwimbaji wa sauti ya kwanza asiyefanya mazoezi. Ukigusa nyuzi ngurumo ikapungua, waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini, unaoenda kwenye daraja uko sawa, na kelele inaokotwa na mwili wako na pikapu, zile sumaku zinazonasa mlio wa nyuzi. Ukigusa na isibadilike, huenda ule waya umeachia, fungua ulehemu. Lakini ukigusa nyuzi huku mdomo uko kwenye maiki na ukapigwa shoti, hilo si la gitaa. Ethi ya ukumbi ni mbovu, au kuna mtu kakata pini ya ethi kwenye plagi kwa sababu "ilikuwa haiingii". Zima kwanza, lawama baadaye.

Amplifaya za mtumba kutoka Japani ni nzuri, ila geuza nyuma usome. Kule wanatumia volti 100. Hapa ukutani mna 230. Ukichomeka moja kwa moja utapata mwanga, moshi na somo, kwa mpangilio huo. Spika nazo zina hesabu ya omu, kipimo cha jinsi zinavyouzuia umeme: mbili za omu 8 ukiziunganisha sambamba amplifaya inaona omu 4. Ukiongeza ya tatu kwa sababu ipo tu, inaona 2.7 hivi, na kama nyuma imeandikwa mwisho 4, unaichoma kwa ukarimu. Na waya wa gitaa usiuazime kwenda kwenye spika. Plagi zinafanana kama mapacha, lakini ndani wa gitaa ni mwembamba, haukuumbwa kubeba mzigo, utapata moto.

"Basi niongeze wati." Ongeza. Kutoka wati 150 hadi 300 umepata desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ambazo sikio linazitambua kwa shida. Ili masikio yaseme "hii ni mara mbili" unahitaji wati kama mara 10. Mara nyingi shida ni pale kwenye slaida za kuchagulia sauti, nene kushoto, kali kulia: nyumbani umepandisha za kushoto, umepandisha za kulia, katikati umezamisha, zimekaa umbo la mtumbwi. Sebuleni tamu. Bendi ikianza, besi imezama na mtumbwi wake. Punguza zile za chini kabisa, pandisha kati ya hezi 250 na 800, utasikika bila kugusa sauti.

Lakini nani atasikiliza hayo? Solo kaongeza kwa sababu dramu, kinanda kimeongeza kwa sababu solo, fundi mitambo kaongeza kwa sababu ndiyo kazi anayoijua. Na mpiga besi kwa desturi amepangwa wapi? Ubavuni mwa dramu, upande wa yale matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu, ili auone mguu wa mwenzake. Toazi liko hatua moja na sikio. Sauti yake kali ndiyo inayoua, wala si besi yako.

Hesabu ya masikio ni ya kibahili kuliko ya mwenye nyumba. Kipimo kinachotumika sana ni desibeli 85 kwa muda wa saa 8 kwa siku. Kila ukiongeza 3, muda unagawanywa kwa mbili: 88 saa 4, 91 saa 2, 94 saa moja, 97 nusu saa, 100 robo saa. Robo saa! Jukwaani 100 ni kawaida, na sebene moja tu linaweza kula dakika 12. Posho ya siku imekwisha na bibi harusi hajaingia ukumbini.

Ndani ya sikio mna kitu kimejikunja kama konokono, na ndani yake chembe zenye vinyweleo, kama 15,000 kila upande. Zikifa hazioti. Kikazio cha uzi kikivunjika utapata, pikapu utapata, hata shingo nzima utaipata. Hizo chembe hata Kariakoo hazipo, wala hakuna kijana wa kukwambia "subiri nikuletee kutoka stoo". Na hazianzi kufa zile za besi. Kelele huanza kula karibu na hezi 4,000, mahali pa "s" na "f" na "t". Ndiyo maana mwanamuziki mkongwe anasikia kabisa kwamba mtu anaongea, ila hasikii anachosema, na anajibu "ndiyo" kwa kila kitu, pamoja na mikopo.

Dalili unaijua: unarudi nyumbani usiku nyenje wanalia chumbani na nyumba haina nyenje. Asubuhi rimoti inapandishwa mpaka mtoto anahamia jikoni. Jioni masikio yanafunguka, unasema yamepona. Yamesamehe tu, na daftari lipo.

Pamba haisaidii. Inapunguza kidogo mno, inakupa moyo wa bure. Vizibo vya sponji ni rahisi, ila watu wanavibandika mlangoni mwa sikio kama kofia ya chupa. Nawa mikono, kisokote kiwe chembamba kama njiti, pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, kiingize, kishikilie sekunde 30 kitanuke. Ukisikia sauti yako mwenyewe kama unaongea ndani ya simtanki, kimekaa. Ubaya wake, sponji inakata sauti kali kuliko nene, muziki unakuwa kama wa jirani. Vile vya wanamuziki vya mpira vyenye kichujio vinapunguza zote karibu sawa, vinaoshwa kwa sabuni na maji, vinatumika tena. Chukua vya desibeli 15: jukwaa la 100 limekuwa 85, robo saa imekuwa saa 8. Bei yake inaweza kuwa chini ya ile seti ya nyuzi unayoichemsha.

Ukivaa watasema unaringa. Mwenye solo atasema yeye ana miaka 30 jukwaani na hajawahi kuziba kitu. Mwombe ashushe kidogo. Atasema "Nini?" Rudia. "Nini?" Mwonyeshe kwa mkono, chini, chini. Atadhani unampungia. Atakupungia na yeye, atatabasamu, kisha atainama na kuongeza.