Reli ya Chumvi: Gerstner na Schönerer, Nani Alikuwa Sahihi?

Karne mbili zilizopita, Bohemia, ambayo leo ni sehemu ya Ucheki, haikuwa na chumvi yake. Ilitoka milima ya Salzkammergut nchini Austria, ikateremka kwa maji hadi mto Danube, halafu ikapakiwa kwenye mikokoteni na kukokotwa juu ya milima mpaka mji wa Budweis. Hapo ilishushwa mashuani, ikafuata mto Vltava hadi Praha. Kipande cha mikokoteni ndicho kilichokula fedha na muda. Njia ilikuwa mbovu, na chumvi ni mzigo mzito.

Watu wengi walikuwa wakiota mfereji wa kuunganisha mito hiyo miwili. Profesa Franz Josef Gerstner wa Praha alipiga hesabu akasema hapana: mlima uliopo katikati una kimo cha zaidi ya mita 700, na kuyapandisha maji hadi huko kungegharimu kuliko faida yake. Alipendekeza reli ya farasi, yaani mabehewa yanayokokotwa na farasi juu ya reli. Mwanawe, Franz Anton, alipata kibali cha kuijenga mwaka 1824, na ujenzi ukaanza mwaka uliofuata kutoka upande wa Budweis.

Ubishi ninaotaka kuupima unaanzia hapa. Franz Anton Gerstner alikwenda Uingereza kuziona reli za huko, akarudi akiamini kwamba siku moja injini ya mvuke itachukua nafasi ya farasi. Kwa hiyo aliijenga njia yake ipande polepole, kama mita 1 kwa kila mita 120, yenye kona pana, matuta marefu na madaraja ya mawe. Kipande cha kwanza kilifika Kerschbaum, juu kabisa ya mlima. Ilikuwa kazi nzuri mno, na gharama zake zilivuka makadirio kwa mbali. Wanahisa waliokuwa wameahidiwa reli ya bei nafuu walikasirika, na Gerstner akaondoka kabla hajaufikia mto Danube.

Kazi ikaangukia mikononi mwa Mathias Schönerer, kijana wa miaka ishirini na ushee tu. Kampuni ilimtaka amalize kwa fedha kidogo zilizobaki. Akaifanya njia ya kuteremkia Linz, mji ulio kando ya Danube, iwe na mwinuko mkali zaidi ya mara mbili ya ule wa Gerstner, akazikaza kona, akapunguza matuta. Tarehe 1 Agosti 1832 reli nzima, yenye urefu wa karibu kilomita 129, ilifunguliwa. Ilikuwa miongoni mwa reli za kwanza za umma katika bara la Ulaya.

Wanaomtetea Gerstner husema Schönerer aliufunga mlango wa mvuke. Nusu ya kaskazini ingeweza kuipokea injini na nusu ya kusini isingeweza, basi reli nzima ikabaki ya farasi hadi treni yake ya mwisho, Desemba 1872. Mimi naongeza hoja ambayo naiona nzito zaidi. Chumvi ilikuwa inatoka Linz kwenda Budweis. Maana yake behewa lililosheheni liliupanda mlima kwa upande uleule wa Schönerer, wenye mwinuko mkali, kisha likateremka kwa raha kwenye njia ya Gerstner. Nafuu yote ilikuwa imejengwa upande ambao mzigo mkuu ulikuwa unashuka. Waliolipia jambo hilo kila siku, kwa miaka 40, ni farasi na waliowaongoza.

Hata hivyo, siwezi kumhukumu Schönerer kirahisi. Gerstner alipokuwa akishikilia msimamo wake, injini ya mvuke ilikuwa bado haijathibitika. Mashindano ya injini za mvuke ya Rainhill, Uingereza, yaliyoizima shaka ya wengi, yalifanyika Oktoba 1829. Kumwambia mwanahisa aongeze fedha kwa ajili ya mashine ambayo hata Waingereza walikuwa bado wanaibishania ni kumwomba imani, naye alikuwa ameweka mtaji wake kwa ajili ya chumvi. Tena, reli yenyewe ilikuwa mapande membamba ya chuma yaliyopigiliwa juu ya magogo. Kona pana za Gerstner zingeifaa injini ya mvuke, lakini reli hizo zingelazimika kung'olewa kwanza. Na reli inayoishia Kerschbaum haiunganishi mito miwili. Inaufikisha mzigo wako kileleni na kukuacha huko.

Ndiyo maana kosa naliona kwenye makadirio ya mwanzo kuliko kwenye mwinuko wa Schönerer. Gerstner alikuwa na picha sahihi ya kesho, ila aliiuza kwa bei ya leo. Angewaambia wanahisa tangu siku ya kwanza gharama halisi ya njia inayongoja mvuke, pengine wangekataa, au wangekubali kujenga taratibu. Badala yake walishtukizwa katikati ya mlima, na mtu aliyeshtukizwa hukata gharama popote panapokatika.

Maisha yao ya baadaye yanazidi kunizuia kumpa mmoja wao ushindi wote. Gerstner alikwenda Urusi akajenga reli ya Tsarskoye Selo, iliyofunguliwa mwaka 1837 ikiwa na injini za mvuke kama alivyoota. Kisha akasafiri kuzichunguza reli za Marekani, akafia Philadelphia mwaka 1840. Schönerer naye alifika Marekani. Akaagiza injini kutoka kiwanda cha William Norris, katika mji huohuo wa Philadelphia, kwa ajili ya reli ya Vienna hadi Gloggnitz. Injini za Norris zilikuwa zimejipatia sifa kwa jambo moja hasa: kupanda miinuko mikali.