Kofi la Langoni na gemu za vita

Wiki jana, kwenye chumba cha gemu huku kwetu mtaa wa Langoni, Lamu, mtoto wa miaka 11 hivi alibwaga padi ya kuchezea sakafuni akamzaba mwenzake kofi la shavu. Mama aliyekuwa akipita njia akasema papo hapo: "Si ndiyo hayo magemu yao ya bunduki!" Neno hilo nimelisikia barazani mara nyingi, na wanaolisema ni watu waliolea watoto wakawajua.

Ila kwenye skrini hapakuwa na bunduki. Walikuwa wakicheza mpira, na mtoto alikuwa ametiwa bao dakika ya mwisho.

Mwaka 2011, watafiti wawili wa Kanada, Paul Adachi na Teena Willoughby, waliwachezesha watu gemu ya mapigano na nyingine ya mbio za magari, zote zikiwa na ushindani wa kiasi kimoja. Kisha kila mchezaji akaambiwa amwandalie sosi ya pilipili mtu asiyependa pilipili. Waliotoka kwenye mapigano hawakumzidishia pilipili kuliko waliotoka kwenye magari. Katika jaribio lao la pili, kilichochemsha damu ni ushindani.

Yule mama naye ana wa kumuunga mkono. Craig Anderson wa Marekani na wenzake walikusanya tafiti nyingi mwaka 2010, wakaona gemu za ukatili huongeza hasira na kupunguza huruma. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kikakubali mwaka 2015 kwamba zinahusiana na ugomvi. Lakini mwaka 2020 chama hichohicho kilieleza kuwa ushahidi hautoshi kuzibebesha lawama ya ukatili wenyewe, ule wa kujeruhi na kuua. Mabishano yetu hupotea hapo: mmoja anazungumzia matusi na kusukumana, mwenzake anazungumzia mauaji, na wote wanatumia neno moja, ukatili. Mimi naamini gemu inaweza kumtoa mtoto na ulimi mchafu jioni hiyo. Kwamba itamfanya muuaji, siamini.

Tena sisi wa Lamu tunajua mchezo wa kupigana. Wakati wa Maulidi hutazama kirumbizi: zumari inalia, ngoma zinaitika, wawili wanazungukana na fimbo zao, mmoja anashambulia, mwingine anakinga. Watoto husimama mbele kabisa wakitazama, na hatuwafukuzi. Kwa nini? Kwa sababu watu wazima wamejaa ukingoni, na anayevuka mpaka huitwa kando mara moja.

Chumba cha gemu kina pazia mlangoni. Ndani, mtoto wa darasa la nne anacheza gemu ambayo kwenye kasha lake imeandikwa 18, yaani si ya walio chini ya umri huo, na kasha hilo hajawahi kuliona, wala babake. Hili ndilo linaloninyima usingizi kuliko risasi za kwenye skrini. Tukifunga vyumba hivi, watacheza kwenye simu, chini ya shuka, na huko hata sauti ya ugomvi hatutaisikia. Afadhali mzazi avue viatu, aingie, akae nusu saa, aulize wanacheza nini.

Siku ya kofi niliingia. Yule aliyepigwa alikuwa bado ameshika shavu, machozi yakimlengalenga. Kijana anayekusanya pesa alikuwa pembeni, hedifoni masikioni, akitazama simu yake. Nilipomgusa bega ndipo akageuka kuuliza kuna nini.